Mtoto wa Likasi anaposema "mayi"

Tatizo la matamshi ni hali ya mtoto kushindwa kutoa sauti za lugha yake kama wanavyozitoa watoto wa umri wake, hadi wanaomsikiliza wasimwelewe, au wamwelewe kwa kubahatisha. Kwa baadhi ya watoto chanzo kinaonekana au kinapimika: kaakaa lililopasuka, masikio yasiyosikia vizuri, misuli ya kinywa isiyotii. Kwa wengi zaidi kinywa ni kizima na masikio ni mazima, ila mpangilio wa sauti ndio ambao haujakaa sawa. Mtoto anaweka t mahali pa k na pa s. Kisu kinakuwa "titu", kitu nacho kinakuwa "titu", na mama anabaki kukisia ameombwa nini. Kabla ya kupima lolote kati ya hayo lipo swali linalotangulia, na katika mji kama Likasi ndilo linalorukwa: mtoto huyu analinganishwa na nani?

Likasi iko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakati wa ukoloni iliitwa Jadotville, na ilikua juu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kutoka Rwanda na Burundi, wakakutana na Wasanga na Wayeke wa hapohapo. Katika kambi za wafanyakazi Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha ya soko, kisha ya jikoni, mwishowe ya mtoto mchanga. Watoto wa Kikula, Panda na Shituru leo wanazaliwa ndani yake, kama wazazi wao na wengi wa wazee wao.

Kiswahili hicho si cha pwani kilichoharibikia njiani. Kina kanuni zake, na wataalamu wameziandika. Mwaka 1968 Edgar Polomé alieleza Kiswahili cha Lubumbashi. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walikitolea kitabu kizima cha sarufi, matini na msamiati. Kinachosikika Likasi ni hichohicho, kwa tofauti ndogo za mtaa na mtaa. H ya mwanzo wa neno mara nyingi haitamkwi: huyu ni "uyu", hapa ni "apa". J katika maneno kadhaa ni y: maji ni "mayi", moja ni "moya", kuja ni "kuya". Dh na th zilizotoka katika Kiarabu hazipo. Dhambi ni "zambi", hata kwa anayehubiri juu yake. Mtoto ni "mutoto", wenzake ni "batoto", mbwa wao ni "imbwa". Mvua ni "mvula" na njia ni "njila", na hapo, kwa haki, Likasi ndiyo iliyotunza l ya kale ambayo pwani iliiangusha. R na l hupishana katika kinywa kimoja, ndiyo maana mtu yuleyule husema "karibu" asubuhi na "kalibu" jioni, na chakula cha kila siku kinaitwa "bukari" au "bukali" bila mtu kugeuza shingo.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye hesabu. Mwaka 1982 Wamarekani Lawrence Shriberg na Joan Kwiatkowski walipendekeza kipimo kinachotumiwa hadi leo karibu kila mahali: mpimaji anahesabu konsonanti zote ambazo mtoto alipaswa kutamka, anahesabu alizotamka sawasawa, anapata asilimia. Zaidi ya 85, tatizo ni dogo. Kati ya 65 na 85, ni dogo hadi la wastani. Kati ya 50 na 65, ni la wastani hadi kubwa. Chini ya 50, ni kubwa. Sasa chukuliwe mtoto mzima wa afya, wa miaka 6, aliyeketi juu ya kiti cha plastiki nyumbani kwao Kikula. Anaombwa maneno sita: hapa, huyu, karibu, maji, moja, dhambi. Anasema "apa, uyu, kalibu, mayi, moya, zambi". Kwa kamusi ya Dar es Salaam, maneno hayo yana konsonanti 13, mb ikihesabiwa kuwa moja. Mtoto amepata 7. Hiyo ni asilimia 54, daraja la pili kutoka chini: tatizo la wastani hadi kubwa. Kwa kipimo cha mama yake aliyesimama mlangoni, mtoto huyo amepata 13 kwa 13. Ni kweli kwamba orodha hiyo imechaguliwa kwa makusudi ili kuonyesha hatari, na hakuna mpimaji wa kweli atakayetumia maneno sita tu. Lakini orodha ya maneno 50 iliyotungwa pwani inaweza kubeba maneno ya namna hiyo ya kutosha kumshusha mtoto daraja moja zima, na daraja moja linatosha kumpa mzazi usiku wa wasiwasi, na mtoto jina shuleni.

Kosa hili halihitaji mgeni ili litokee. Katanga ina kitu kinachoitwa "Kiswahili bora", yaani Kiswahili cha vitabu, cha Biblia na cha darasani, kinachowekwa juu ya kile cha nyumbani. Mwalimu anayesema "mayi" nyumbani kwake anaweza, akiwa mbele ya ubao, kumsahihisha mtoto aliyesema "mayi". Kufundisha Kiswahili bora ni kazi halali ya shule. Kukigeuza kuwa kipimo cha kinywa kizima na kinywa kigonjwa ni kuchanganya mambo mawili. Mtoto asiyejua umbo la kitabuni hajajifunza bado. Mtoto asiyeweza kusema "mayi" wakati nyumba nzima inasema "mayi" ndiye wa kuangaliwa.

Uchunguzi wa kisayansi juu ya watoto wanaojifunza kutamka Kiswahili ni mchache mno. Ulio wazi zaidi ulichapishwa mwaka 2015 na Nazneen Gangji, Michelle Pascoe na Mantoa Smouse. Waliwarekodi watoto 24 wa Dar es Salaam, wa kati ya miaka 3 na karibu 6, katika makundi sita ya watoto wanne wanne, kwa picha za vitu ambavyo watoto hao wanavijua. Waliona kwamba irabu zote na konsonanti nyingi zilikuwa zimekamilika mtoto akiwa na miaka 3. Z, s na h zilikuja kwenye miaka 4. Th ya "thelathini" na r ndizo zilizochelewa kuliko zote, hadi mtoto akikaribia kutimiza 6. Waandishi wenyewe waliyaita matokeo yao ya awali, na kwa watoto 24 hawakuwa na neno jingine.

Ni kazi nzuri, na mpimaji wa Likasi anaweza kushawishika kuichukua kama ilivyo, kwa kuwa hatimaye kimepatikana kitu cha Kiswahili badala ya Kiingereza au Kifaransa. Lakini zitazamwe sauti tano zilizochelewa Dar: z, s, h, th, r. Th haipo Likasi. H mara nyingi haipo. R ipo na haipo. Sauti tatu kati ya tano ambazo Dar es Salaam zinamtofautisha mtoto wa miaka 4 na wa miaka 6 haziwezi kusema lolote juu ya mtoto wa Panda. Zinabaki s na z, nazo zina mtego wao. Hata jina la kasoro lina kichekesho chake: mtu anayetoa s kwa ulimi katikati ya meno huitwa mwenye kithembe, na neno lenyewe lina th ambayo Katanga haitamki. Kwa upande huo Likasi inamrahisishia mpimaji kazi, maana mtoto anayesema "thombe" mahali pa "sombe", yaani kisamvu, hana jirani yeyote wa kumwiga.

Mtego wa s unatoka Kasai. Katika Kiluba cha huko, yaani Ciluba, s ikikutana na i huwa sh, t huwa ch, z huwa j na l huwa d. Kibemba nacho hugeuza s kuwa sh mbele ya i. Kambo, yaani babu au bibi, aliyekulia upande wa Mbuji-Mayi anaweza kuishi Likasi miaka 50 na bado akasema "shishi" mahali pa "sisi". Mjukuu anayeshinda naye mchana kutwa atasema "shishi" pia, na mtaalamu wa matamshi aliyefundishwa ng'ambo ataandika kwamba mtoto anashindwa s. Namna ya kujua ni rahisi: aombwe "sabuni" na "sukari". Kama s inatoka safi mbele ya a na u na inageuka mbele ya i tu, mtoto amejifunza kanuni ya kambo wake, na ameijifunza vizuri.

Kwa hiyo mpimaji lazima aulize lugha za nyumbani. Hapo nako kuna namna. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu. Familia zililala kwenye stesheni ya Likasi zikisubiri treni. Wapo wazazi wa leo waliokuwa watoto siku hizo. Mtu mwenye karatasi na kalamu anayeingia katika lupango, yaani ua wa nyumba, na kuuliza "nyumbani munasema luga gani?" anaweza kusikika kama anayeuliza kabila, na jibu la tahadhari litakuwa "Kiswahili tu", hata kama kambo anaimba Ciluba chumba cha pili. Swali lenye faida zaidi ni la maisha: nani anakaa na mtoto mchana, nani anamlaza usiku, nani anamchekesha, na kila mmoja anamwambia kwa maneno gani. Katika majibu hayo lugha zitajitaja zenyewe.

Kifaransa kina mzigo wake. Ndicho lugha rasmi, ndicho cha shule nyingi za watoto wadogo za mjini, na wataalamu wa matamshi, wanaoitwa Kongo ortofonisti, husomea kazi yao kwa Kifaransa na kwa vifaa vilivyotungwa Ufaransa au Ubelgiji. Picha za vifaa hivyo zina mtu wa theluji na moto wa ndani ya ukuta wa sebule. Mtoto wa Likasi akinyamaza mbele ya picha hiyo, kunyamaza kwake hakumaanishi kitu. Akisema "ji" kwa maji ya matunda na "biro" kwa ofisi, anatumia irabu tano za Kiswahili pale Kifaransa kinapotaka irabu nyingine, kama wafanyavyo watu wazima wengi wa mji huo. Picha za kweli ziko jikoni na barazani: mbabula (jiko) yenye makala (makaa), ndobo (ndoo) ya maji, bukari, sombe, kapenta (dagaa), kuku, kinga (baiskeli) iliyoegemezwa ukutani. Mbabula peke yake inafaa kuliko picha kumi za ng'ambo, kwa kuwa ina mb, b na l, na silabi tatu ambazo mtoto hawezi kuzitoa bila kuzipanga. Vipimo vya Kiingereza vimejaa maneno ya silabi moja yanayoishia kwa konsonanti. Kiswahili hakina mtindo huo. Kinywa cha Kiswahili kinajaribiwa na maneno marefu na mb, nd, nj, ng, mw na kw, na hizo ndizo zinazopaswa kujaa katika orodha.

Namna ya kuuliza ni sehemu ya kipimo. Mtu mzima anayeonyesha kuku na kuuliza "hii nini?" wakati yeye mwenyewe anamwona kuku, kwa mtoto aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa anafanya jambo la ajabu: anajua halafu anauliza. Wengi watainamisha kichwa. Yaya yake, yaani kaka au dada yake mkubwa, akiuliza, au mtoto akipewa kazi ya kuuza vitu vilevile katika mchezo wa soko, maneno yanatoka, tena yanatoka katika sentensi, na sentensi ndipo matatizo yanapoonekana kuliko katika neno mojamoja.

Masikio hutangulia kinywa. Mtoto anayetokwa usaha masikioni kila msimu wa mvua, au aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, asipimwe matamshi kabla hajapimwa usikivu. Kisha kinywa kifunguliwe na kitazamwe kwa tochi, kwa sababu kaakaa linaweza kupasuka kwa ndani na mdomo ukabaki mzuri; dalili ni maneno yanayotokea puani na maziwa yaliyorudi kwa pua utotoni. Utafiti uliofanyika Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kasoro za kuzaliwa zilizoonekana kwa macho zilikuwa nyingi zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na migodi, na Likasi ni mji wa migodi. Kuhusu wembe tahadhari inahitajika. Tanzania bado kuna wanaokata kimeo cha mtoto kwa sababu ya kikohozi, na sehemu nyingi za Afrika mtoto anayechelewa kusema hukatwa uzi wa chini ya ulimi. Mtoto anayetoa l, n na t bila shida ameshaonyesha kwamba ncha ya ulimi wake inafika inakotakiwa, na hakuna wembe utakaomwongezea sauti.

Baada ya hapo unakuja ulinganisho, ambao ndio moyo wa kazi. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliokuwa wakimpima mtoto mwenye lahaja ya Kiingereza isiyo na kipimo chochote walipendekeza njia ambayo ingeweza kutungwa Likasi: mzazi na mtoto wapewe maneno yaleyale. Kinachofanana na cha mzazi ni lahaja. Kinachotofautiana ndicho kinachohesabiwa. Kwa Likasi inafaa kuongeza yaya mwenye miaka 8 au 9, kwa kuwa mzazi mbele ya mgeni hupanda juu na kuanza kusema Kiswahili bora, akitamka h ambazo mtoto wake hajawahi kuzisikia. Mtoto mkubwa hana muda wa adabu hiyo. Anasema kama nyumbani wanavyosema.

Kipo pia kipimo cha maswali saba kilichotungwa Australia mwaka 2012 na Sharynne McLeod na wenzake, ambacho kimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 60. Mzazi anaulizwa ni mara ngapi mtoto anaeleweka, kuanzia 1, kamwe, hadi 5, daima: na yeye mzazi, na watu wa nyumbani, na ndugu wa ukoo, na marafiki wa mtoto, na watu wanaojuana nao, na walimu, na watu wasiomjua. Hakihitaji mashine wala digrii. Hata hicho kinahitaji kukatwa upya kwa mwili wa mahali, maana swali la pili na la tatu yanatenganisha watu wa nyumbani na ndugu wa ukoo, na katika lupango moja la Kikula kambo, shangazi na watoto wa mjomba wote ni watu wa nyumbani. Heri kuuliza kwa umbali: ndani ya lupango, kwa jirani, dukani, kanisani, sokoni. Mtoto wa miaka 4 anayeeleweka ndani ya lupango tu, na anayehitaji mkalimani akitumwa dukani, anapaswa kupelekwa mbele.

Tahadhari yote hii ina upande wa pili, na huenda ndio unaoumiza watoto wengi zaidi. Kisingizio cha lahaja kinaweza kumficha mtoto mgonjwa. "Ni Kiswahili ya kwetu", "kwao banasema Ciluba", "atasema tu, hata baba yake alichelewa": maneno hayo husemwa kwa mapenzi, na miaka inapita. Zipo dalili ambazo hakuna lahaja ya Katanga inayozieleza. Mtoto anayepotosha irabu a, e, i, o, u baada ya miaka 3. Anayekata silabi, mbabula ikawa "bula" na ikabaki hivyo hadi shule. Anayetamka neno moja kwa namna nne katika dakika moja. Anayetupa sauti nyingi katika kapu moja, kisu na kitu vikawa kimoja. Mapitio ya Sharynne McLeod na Kathryn Crowe ya mwaka 2018, yaliyokusanya uchunguzi wa lugha 27 kutoka nchi 31, yalionyesha kwamba kufikia miaka 5 watoto wengi duniani wameshapata karibu konsonanti zote za lugha zao. Likasi haina sababu ya kuwa tofauti. Mtoto wa miaka 5 asiyeeleweka na wenzake wanaocheza naye hana lahaja. Ana tatizo, na linatibika vizuri zaidi likishikwa kabla hajaanza kusoma na kuandika.

Wa kulitibu ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza shahada ya tiba ya matamshi na lugha mwaka 2008, na wa nchi zinazotumia Kifaransa wamekuwa wakisomea Lomé, Togo. Likasi haiwezi kungoja wataalamu hao waifikie ndipo ijue watoto wake wanatamkaje. Kinachokosekana kwanza ni orodha: maneno 50 au 60 ya nyumbani, yaliyorekodiwa kwa watoto wazima wa miaka 3 hadi 7 wa Kikula, Panda na Shituru, pamoja na yaya na mama zao, na kuandikwa sauti kwa sauti. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu wa lugha na kina madaktari wa watoto. Kazi ya aina hii inatosha kwa tasnifu mbili za wanafunzi na simu mbili za kurekodia. Idara hizo mbili zikae meza moja. Mpaka zifanye hivyo, mwalimu anayemtilia shaka mtoto amwite kwanza yaya yake, awape wote wawili picha zilezile, halafu asikilize.